Mama Asiyeitika

Mtu akiniambia wazee wanakataa pesa za simu kwa sababu hawajasoma, namkatalia papo hapo, na sauti yangu inapanda kabla sijajiandaa. Mama yangu anajua kusoma. Biblia anaisoma kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na mfuko wa mbolea anausoma mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hata bwana shamba hana habari nayo. Lakini kwa miaka mingi hakutaka kabisa kuweka pesa mahali ambapo jina lake linaandikwa. Sababu naijua. Siku moja nilikaa naye benki ameushika mkono wangu, na nilikuwa msichana mkubwa tu, lakini nusura nijikojolee.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa kutoka Burundi. Mimi nilizaliwa hapo hapo na nchi nyingine sikuijua hata kwa picha, lakini mkimbizi nilikuwa mkimbizi tu, na kwenda Mpanda mjini lazima uwe na kibali. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa hajaanza shule. Tulilima mahindi, maharage na mihogo ya kula, halafu tumbaku ya kuuza. Mikono yetu ilinata utomvu wa tumbaku msimu mzima, hata ugali ulikuwa na uchungu wake.

Pesa za tumbaku zamani zilikuja taslimu. Gari la chama cha wakulima lilifika, wanaweka meza pale kwenye banda la kupimia, unasogea na kitambulisho cha chama ambacho kina namba tu, unapewa zako, unaondoka. Mama aliupenda sana utaratibu ule. Alizikunja pesa kwenye kitambaa, akazishindilia ndani ya chungu cha mbegu za maharage, akaweka chungu uvunguni mwa kitanda chake. Panya walipita, mvua ilivuja, jirani aliibiwa mpaka masufuria, lakini mama alilala usingizi wake wote. Kile chungu kilikuwa hakimuulizi kitu.

Halafu msimu mmoja gari la malipo likavamiwa porini na majambazi. Dereva alinusurika, pesa hazikunusurika. Chama kikaitisha mkutano, mwenyekiti akasimama akasema basi, imetosha, kuanzia sasa kila mkulima atafunguliwa kitabu cha benki mjini, na malipo yatapitia huko. Wanaume wengi walipiga makofi. Wanawake niliokaa nao waliangalia chini, na mama alianza kuchuma nyasi alipokaa, moja moja, mpaka pale mbele yake pakawa peupe.

Watu wa benki walikuja na meza yao, kamera, na kile kidude cha wino cha kuchovya dole gumba. Tulipanga foleni. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimembeba mdogo wangu mgongoni, na nilikuwa na furaha ya kijinga kwa sababu mama anapigwa picha. Karani akauliza, "Jina, mama?"

Mama akainama kidogo, akataja jina.

Lile jina nililijua. Lilikuwa la bibi mmoja, jirani yetu, aliyekuwa amefariki masika yaliyopita. Maji ya msiba wake nilibeba mimi kwa kichwa changu. Nikafungua mdomo kusema, mama akanikanyaga mguu. Akanikanyaga kweli kweli, kwa kisigino. Karani akaandika, akamshika dole gumba akalichovya, akaligandamiza kwenye karatasi, akasema, "Haya, mwingine."

Njiani nikamuuliza, "Mama, yule si alishakufa?"

"Ndiyo maana," akasema. "Aliyekufa nani atamfuata?"

Sikuelewa, na nilipotaka kuendelea kuuliza akaniambia nifunge mdomo nimwangalie mtoto asidondoke.

Nieleze hapa kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Kule kwetu Katumba hakuna aliyemwita mama kwa jina lake. Alikuwa mama wa fulani, yaani mama yangu mimi, na wanawake wote walikuwa hivyo hivyo. Hata mimi jina lake sikulijua, wala sikujua kwamba silijui. Mtoto unadhani mama jina lake ni mama.

Zahanati ndipo palikuwa mahali pekee ambapo majina yalitajwa kwa sauti. Nesi alikusanya kadi asubuhi, akawa anasoma moja moja kupitia dirishani, na mwenye jina anaitika anaingia. Mama alikaa na mimi kwenye benchi la mwisho, kimya. Kulikuwa na jina moja ambalo nesi alikuwa akilisoma kila tukienda, na mwenyewe haitiki. Jina refu la Kirundi, sentensi nzima, kama yalivyo majina ya watu wazima wa kwetu. Nesi analiita, kimya. Analiita tena kwa hasira, kimya. Anaitupa kadi pembeni. Sisi watoto tulicheka. Tulimpa yule mwanamke jina letu, Mama Asiyeitika, tukaigiza jinsi atakavyokuja kukimbia amechelewa na kanga mkononi. Watu wote wakishaisha mama anainuka, anakwenda dirishani, ananong'ona na nesi, tunatibiwa wa mwisho. Nilidhani mama ni mpole tu, anapisha watu.

Basi. Mwaka ule ule wa vitabu vya benki walianza kufika wakimbizi wapya kutoka Burundi, na habari zao zilikuwa mbaya. Mama alizisikiliza, akawa halali vizuri. Mchana mmoja tulikuwa banini, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, tunafunga majani kwenye vijiti, mikono inafanya kazi yenyewe, akaanza kusema bila mtu kumuuliza.

"Kwetu Burundi askari walikuja na karatasi," akasema. "Mchana, kama hivi. Walisimama mlangoni wakasoma jina la baba yangu. Baba akaitika. Wakasoma la kaka yangu mkubwa, akaitika. Wakasoma la anayemfuata, akaitika naye. Tulilelewa kwa adabu sisi, ukiitwa unaitika." Akafunga jani. "Wakasoma la kwangu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sikuitika."

Nikasubiri. Akaniambia tu kwamba nafunga majani vibaya, yatakauka yakiwa na madoa.

Kuanzia siku ile nami niliingiwa na woga, na woga wa mtoto hauna mpaka. Nilikiogopa kile kitabu cha benki chenye sura ya mama na jina la maiti. Nililiogopa jalada lake la bluu. Niliota kwamba yule bibi anakuja kudai.

Mdogo wangu akaanza kulia mguu. Tulidhani ameanguka. Ukavimba chini ya goti, ukawa wa moto, ukimgusa anapiga ukelele mpaka jirani wanatoka nje. Zahanati wakampa sindano, haikusaidia, wakatuandikia kibali na barua ya kwenda hospitali Mpanda. Tukapanda lori la kuni. Mtoto alilala mapajani kwa mama njia nzima, na kila lori lilipoingia shimoni alilia, na mama alilia naye bila sauti.

Daktari akaukamata mguu, akaubonyeza, akasema mfupa unatunga usaha ndani, inabidi upasuliwe usafishwe leo hii. Vyumba vipo, mpasuaji yupo. Dawa hakuna. Nyuzi hakuna, sindano za usingizi hakuna, mkanunue duka la dawa mje nazo.

"Tukileta Jumatatu?" mama akauliza.

"Jumatatu utaniletea nikate mguu," daktari akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

Ilikuwa Ijumaa. Pesa ya nauli ilikuwa imeshaisha kwenye nauli, na chungu cha maharage kilikuwa na maharage. Pesa zetu zote za msimu zilikuwa benki. Tukamwachia mtoto mama mmoja wa kanisani aliyekuwa anauguza mgonjwa wa kitanda cha pili, tukatoka. Mama alitembea haraka mpaka tukauona mlango wa benki, halafu akaanza kutembea polepole.

Mlangoni alisimama askari na bunduki. Mama akamwamkia, "Shikamoo, afande," kijana ambaye yeye angeweza kumzaa. Ndani watu walijaa, pangaboi linazunguka juu, harufu ya jasho na tumbaku, maana wengi walikuwa wakulima wenzetu waliokuja kuchukua malipo. Hata kukopa usingeweza, wote walikuwa mikono mitupu wanasubiri dirisha lile lile. Mwenyekiti wa chama alikuwepo pia, anasaidia watu, anaelekeza nani asimame wapi. Kwangu mimi lile dirisha lenye nondo lilikuwa la polisi tu.

Zamu yetu ikafika. Mama akasukuma kitabu chini ya nondo. Karani akakifungua, akaangalia picha, akamwangalia mama, akasema, "Na kadi yako ya ukimbizi."

Hilo hatukuambiwa. Kule Katumba hawakuuliza kadi.

Mama akasema, "Picha si hiyo hapo? Ni mimi."

"Kadi, mama. Foleni ndefu."

Kadi alikuwa nayo. Alitembea nayo popote alipokwenda, imefungwa kwenye nailoni, imeshonewa kwa ndani ya kitenge alichojifunga, na hakuna aliyewahi kuiona zaidi ya nesi na askari wa kizuizini. Akakata uzi kwa meno, pale pale mbele ya watu, akaitoa. Karani akaisoma. Akasoma kitabu. Akarudi kwenye kadi.

"Huyu wa kwenye kitabu ni nani?"

Mama akaanza kuikunja ile nailoni.

"Nakuuliza, ni nani?"

"Amekufa," mama akasema.

Karani alisukuma kiti nyuma, akainuka na kitabu na kadi, akaingia chumba cha meneja. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Nikasikia, "Kaja kuchukua pesa za marehemu." Yule askari wa mlangoni akasogea hatua chache ndani, akaegemea ukuta karibu yetu. Sijui kama alitaka tu kivuli. Mimi nilijua anakuja kutufunga, na mdogo wangu atakatwa mguu peke yake kule, hakuna wa kumshika.

"Twende," mama akaninong'oneza.

"Twende wapi?"

"Twende. Waache wabaki nazo."

"Na mguu?" nikasema. Nilisema kwa sauti, nilikuwa nimepandwa na hasira ya woga, ile inayokufanya umtukane hata mama yako. "Mama, na mguu je? Utamwambia nini?"

Akaniangalia kama nimempiga kofi. Lakini miguu yake haikuondoka.

Mwenyekiti wa chama akaitwa ndani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona anaoneshwa kile kitabu, anajikuna kichwa. Akatoka anacheka, kicheko cha mtu anayejaribu kuokoa mambo. "We mama, umemfungulia marehemu akaunti? Au na huko aliko analima tumbaku?" Foleni nzima ikacheka. Akarudi ndani, nikamsikia anasema, "Huyu namfahamu, mkuu. Bani lake na langu yanaonana. Hiyo sura ni yake na hiyo tumbaku ni yake. Hawa watu wetu wana woga wao, muwavumilie."

Nikageuka nyuma. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa amecheka na wenzake, aliangalia jina lililoandikwa kwenye kitabu chake, akakifunika kwa kanga, akatoka kwenye foleni taratibu. Akafuatiwa na mwingine.

Karani akarudi dirishani. Akasema dole gumba la kwenye kadi limelinganishwa na lile la benki, limekubali, meneja ameridhika, jina linarekebishwa sasa hivi na wanaandika karatasi upya. "Kaa pale. Utaitwa. Ukiitwa uitike haraka, tunafunga."

Utaitwa.

Tukakaa kwenye benchi la ukutani. Mama aliushika mkono wangu, na wake ulikuwa umelowa. Nilimwambia, "Mama, wakikuita uitike tu," kama vile ni jambo dogo. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye mwanga wa nje, na nikajua anapima umbali. Wakaitwa watu wengine. Waliitika, walilipwa, waliondoka.

Halafu mtu wa ndani, ambaye hatukumwona sura, alishika karatasi akasoma jina.

Nilitaka kucheka. Nakuapia, kicheko kilinifika kooni. Lilikuwa jina la Mama Asiyeitika. Yule yule wa zahanati, jina refu lile lile, mpaka huku amekuja, na huku nako haitiki! Nikageuka nimnong'oneze mama. Nikaona uso wake.

Nikakumbuka benchi la mwisho. Nikakumbuka kadi iliyotupwa pembeni, na sisi tunacheka, na mimi nacheka kuliko wote.

Jina likaitwa tena. Kimya. Pangaboi linazunguka.

"Hayupo," mtu akasema kwenye foleni. "Mwite mwingine."

Ndani nikasikia karatasi inawekwa chini. Sikuweza kuitika kwa niaba yake. Sikuweza hata kumsukuma. Nilimwangalia tu mdomo. Kidevu kilikuwa kinamtikisika, na midomo imekauka, na alikuwa anajaribu, naapa alikuwa anajaribu, pumzi inatoka bila sauti.

"Mara ya mwisho," yule mtu akasema, akalisoma kwa mara ya tatu.

Mama akasimama. "Nipo," akasema.

Hakuna aliyemsikia ila mimi. Akajikaza, akasema tena, na safari hii ilitoka kubwa mno, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Nipo! Mimi hapa! Nipo!"

Watu wakageuka, wengine wakatabasamu, mshamba kaja mjini. Askari alipiga mwayo. Hakuna aliyekuja kumchukua. Karani akasukuma pesa chini ya nondo, akasema asante mama, kalamu hii hapa. Mama alitia sahihi, akazichukua bila kuzihesabu, na tulipofika nje alichuchumaa kando ya ukuta akatapika. Halafu akajifuta kwa kitenge akaniambia, "Unasimama nini? Duka la dawa liko wapi?" Tukakimbia.

Mguu haukukatwa. Mdogo wangu leo ni mama wa watoto, anachechemea kidogo akichoka, na anawakimbiza wanawe na fimbo vizuri tu.

Nilidhani siku ile mama alishinda woga. Wapi! Alirudi mara moja tu kule benki, akazitoa zilizobaki zote, akazirudisha kwenye chungu, na tumbaku akaiacha. Miaka ikapita, tukapata uraia, zikaja simu, zikaja pesa za simu, na vibanda vya wakala vikaota kila kona ya Mpanda. Kila mtu akawa anapokea kwa simu isipokuwa mama. Nikamsajilia laini kwa jina langu mimi. Nikimtumia pesa, simu inanionesha jina la mpokeaji kabla sijathibitisha, na jina ni langu. Wakala alinitania, "Dada, unajitumia mwenyewe?" Nilimjibu vibaya, masikini, hakuwa na kosa.

Likaja tangazo kwamba kila laini isajiliwe upya kwa alama za vidole, na kwa jina la anayeitumia mwenyewe. Nilimwambia mama. Akasema laini yenyewe ataitupa chooni. Sikumlazimisha. Nilikumbuka ule mkono uliolowa, nikasema basi, nitakuwa nampelekea mkononi.

Siku moja akapiga kwa namba nisiyoijua. Anataka pesa ya mbolea, nimtumie kwa namba hiyo hiyo. Nikajua ya jirani. Nikabonyeza namba, nikabonyeza kiasi, simu ikafikiri kidogo, ikaleta jina la mpokeaji.

Lile jina, lote.

Nilikuwa nimesimama sokoni, nikakaa chini kwenye gunia la mchele la mtu. Nikampigia.

"Mama, umekwenda kusajili?"

"Nimekwenda. Kijana kanishika vidole vyote." Kisha akauliza, "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Na kila atakayenitumia ataliona?"

"Kila atakayekutumia, mama."

Nikasikia kuku upande wake, na pumzi yake. Nilijua yuko wapi, moyoni yuko tena kwenye ile migomba ya kwa baba yake. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna atakayekuja. Lakini mimi ni nani wa kumwahidi hilo?

"Basi usilisome kwa sauti," akasema. "Tuma, mbolea inapanda bei." Akakata.

Nikatuma. Nikamwandikia ujumbe, imefika? Nikasubiri pale pale juu ya gunia, mwenye mchele ananiangalia. Jibu likaja, neno moja, limeandikwa na mtu anayebonyeza herufi kwa kidole kimoja.

Nipo.